Bibi Alikuwa Bado Anasema

Bhoke mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini yako naifahamu. Asubuhi hii nimekuona ukinywa uji umesimama, simu mkononi, ukimwambia shangazi yako wa Natta kwamba unakuja kumuaga na jioni utakuwa umerudi. Sasa ni saa nane mchana. Begi lako liko mlangoni, limefungwa tangu jana, na basi la kesho linaondoka Mugumu alfajiri. Nimebaki hapa na kuku. Redio nimeizima, maana nikiiwasha siandiki.

Sitakuambia habari za kutunza nauli, wala kuchemsha maji, wala kuchagua marafiki. Hayo shangazi yako atakuwa anakumwagia muda huu, na yeye ana pumzi kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba mwezi mzima, nimeenda nalo shambani, nimekaa nalo mezani wewe ukiwa mbele yangu unakula, nikashindwa kulitoa. Ni juu ya bibi yako, na maneno niliyokuambia kwamba aliyasema kabla hajafa. Nitafika huko. Niache nianzie mbali kidogo, ujue mtu aliyekukosea ni mtu wa namna gani.

Umekua ukiniona kanisani nimesimama kushoto kwa mhubiri na kipaza sauti cha pili, yeye anasema sentensi kwa Kiswahili, mimi naigeuza Kikurya. Ila sijawahi kukusimulia nilivyoanza. Nilikuwa kijana, nakaa kwa baba mdogo kule Turwa, nabeba zege. Jumapili moja akaja mhubiri mgeni kutoka mbali, na mkalimani wetu akawa na homa. Mzee mmoja wa kanisa akaangaza macho huku na huku, akaninyooshea kidole. Nikapanda mbele. Baada ya sentensi tatu nikaona wazee wanatikisa vichwa, akina mama wananiitikia amina mimi, si yule mgeni. Nisikufiche, nilipenda. Nilipenda sana.

Kazi ile ina ugonjwa wake. Mhubiri akishapata moto hasubiri, nawe ukimngoja amalize unachelewa, watu wanaanza kukohoa. Kwa hiyo unajifunza kusikia nusu ya sentensi, nusu iliyobaki unaitunga mwenyewe wakati yeye bado anaisema. Ukishakuwa hodari, hata hiyo nusu unaiona ni nyingi. Mhubiri akimtaja tu mwana mpotevu, mimi nilikuwa nimeshamchinja ndama. Watu walinisifu kote, kuanzia hapa Mbalibali hadi Tarime mjini, na makanisa mengine yakawa yananiazima.

Bibi yako ndiye pekee aliyenishtukia. Kiswahili alikuwa anakisikia vizuri, kukisema tu ndiko alikokuonea aibu. Siku moja tumetoka kanisani, yuko mbele yangu na kiti chake kidogo mkononi, akasema bila kugeuka:

"Mura, kijana wangu, yule mgeni hajasema hayo yote."

"Mama, nilikuwa nafafanua ili watu waelewe."

"Watu walielewa. Yeye ndiye aliyekuwa anakushangaa."

Nilicheka njia nzima. Nikawasimulia wenzangu wa kwaya, nao wakacheka, ikawa hadithi yetu ya kuchangamshia mikutano. Mama yangu hakuwa anachekesha, na alipoona nimeifanya kichekesho hakuirudia tena.

Ugonjwa ule nilirudi nao nyumbani. Mama yako alifariki ukiwa na miaka miwili, kwa hiyo huwezi kunishuhudia, lakini nakuambia mwenyewe: alipoanza kusema, mimi nilimalizia. Mwishoni akawa ananiachia nusu ya neno, anachukua ndoo anakwenda zake kuchota maji. Nilijisifu kwa watu kwamba mimi na mke wangu tunaelewana hata bila kuongea.

Na wewe vilevile. Ulikuwa darasa la tano, ukaja umesimama pale penye kizingiti na daftari la hesabu kifuani. Ukasema, "Baba, leo shuleni..." Nikakukata. Nikakupa hotuba ndefu ya hesabu, jinsi nilivyosoma mimi kwa shida, jinsi Mungu anavyobariki wenye bidii. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukaitikia, ukaenda jikoni kwa bibi. Baadaye bibi ndiye aliyeniambia kwamba rafiki yako uliyekuwa unakaa naye dawati moja amehamia Sirari na wazazi wake, na ulitaka kuniuliza kama siku moja ningekupeleka kumwona. Hesabu ulikuwa umepata zote.

Tangu siku ile maneno yako yakawa yanakwenda jikoni. Nilikuwa nikiwasikia kutoka sebuleni, bibi na mjukuu, mnaongea mpaka ugali unapoa, na maneno ya bibi yalikuwa machache sana humo. Aliuliza tu, "Halafu?" Mara nyingine alikaa kimya muda mrefu, nikadhani amesinzia, kumbe anakungoja. Nilikuwa na wivu, mwanangu. Ningeweza kuinuka nikaja nikakaa nanyi. Sikuja.

Sasa nimefika.

Bibi alipozidiwa ulikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, wiki yenyewe ya mitihani. Tulimlaza hospitali ya Mugumu. Nesi wa zamu alikuwa dada mmoja kutoka Kilimanjaro, mpole, amehamishiwa huku karibuni, hajui Kikurya hata salamu. Kila aliposogea kitandani alinitazama mimi. "Baba, bibi anasema nini?" Nami nilimjibu vizuri, kwa kifupi, kama nilivyozoea. Anasema kichwa. Anasema maji. Hapo anaweweseka tu, dada, anataja majina ya watu wa zamani.

Siku ya pili asubuhi akanivuta pembeni. "Baba, hali ya bibi siyo nzuri. Muulize kama kuna mtu anataka aitwe."

Nikarudi nikainama, nikamuuliza. Bibi akaanza kusema. Ulimi ulikuwa mzito, anatoa neno anapumzika, anatoa neno anapumzika. Nilisikia jina lako. Nikasikia mtihani. Nikanyanyuka, nikamgeukia nesi nikamwambia, "Anasema mjukuu wake yuko kwenye mitihani, asisumbuliwe." Yule dada akaguswa mpaka akajishika kifua. Akasema bibi huyu ana moyo. Nikaona fahari, kwa mama yangu na kwa namna nilivyomtafsiri. Bibi alikuwa bado anasema.

Alifariki kesho yake jioni. Wewe ulifika siku ya mazishi, jeneza limeshatolewa nje. Hukulia mbele za watu. Ulinifuata nyuma ya nyumba ukaniuliza jambo moja tu, kwa nini hatukukuita. Nikakujibu bila hata kumeza mate: bibi mwenyewe alisema usisumbuliwe mpaka umalize mtihani. Ukasema, "Sawa, baba," ukaenda kukaa na wanawake.

Bhoke, sikujua kwamba nasema uongo. Hilo linanitisha kuliko uongo wenyewe. Ungeniapisha siku ile kanisani, ningeapa.

Halafu ukalichukua neno lile likawa lako. Ulipomaliza chuo tukafanya ibada ya shukrani, ukasimama mbele na wageni walikuwa wengi, kwa hiyo ukasema kwa Kiswahili. Ukasema bibi yako alikubali kufa bila kukuona ili wewe usome, na kwamba kila mgonjwa utakayemhudumia utamhudumia kwa ajili yake. Mimi nikiwa kushoto kwako na kipaza sauti cha pili, nikageuza. Kanisa zima likalia. Katika miaka yangu yote sijawahi kutafsiri sahihi namna ile, neno kwa neno, sikuongeza wala sikupunguza, na kitu chenyewe nilikuwa nimekitunga mimi.

Mwezi uliopita ulinituma Mugumu kwa Mama Zuhura, yule fundi, nikuchukulie sare zako. Wewe unamfahamu kwa ushonaji tu. Mama yule ni Muislamu, baba yake alikuwa fundi cherehani Tarime, amezaliwa na kukulia kule, na Kikurya anakisema kuliko vijana wetu wa siku hizi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba wakati bibi amelazwa, mama mkwe wake alikuwa kitanda cha pili.

Alikuwa anakunja sare. Akauliza, "Hizi za Bhoke. Ndiye yule ambaye bibi alikuwa anamwita?"

"Ndiye," nikasema. "Alimpenda sana. Ndiyo maana alikataa asisumbuliwe kwenye mitihani."

Akaacha kukunja. "Nani alikataa?"

"Bibi."

Akasogeza kiti, akaniambia nikae. "Baba Bhoke, unisamehe. Nilikuwa pale namlisha mkwe wangu uji. Bibi alisema, ninafahamu yuko kwenye mtihani. Mtihani upo hata mwakani. Mimi mwakani sipo. Mwiteni. Asilete kitu, aje akae tu hapa nimwone. Lakini wewe ulikuwa umeshamgeukia nesi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua mmeamua kifamilia. Ningeingiliaje mambo ya nyumba ya watu?" Kisha akasema, taratibu, "Na bibi alikusikia ulichomjibu nesi. Alikutazama. Akageukia ukutani."

Ndiyo hayo. Nimeyaandika kama alivyoniambia, na nimeyarudia kichwani mara nyingi sana nisije nikayapamba. Kiswahili alikuwa anakisikia vizuri, nimekuambia. Kwa hiyo mama yangu alilala pale siku nzima akijua kwamba ameomba na mwanawe amemjibia hapana kwa kinywa chake. Siku ile ya mwisho hakuongea nami tena. Mimi nilidhani ni ugonjwa.

Nilirudi Mbalibali kwa miguu sehemu kubwa, sare zako nimezibeba begani, pikipiki zinapiga honi nazipungia zipite. Nilitaka kumweleza mtu. Nikawaza watu ambao huwa ningewaambia jambo zito namna hii, nikawapata wawili. Mmoja yuko kaburini, na mwingine ndiye niliyemkosea. Nina miaka hamsini na minane, najulikana kanisa kwa kanisa, na sikuwa na mtu wa kwenda kukaa kwake nikasema. Watu wamezoea kunisikia. Hawajazoea kuniuliza, na kosa siyo lao.

Jumapili iliyofuata nilimwomba mchungaji nipumzike kutafsiri. Alidhani ni umri. Ndiyo maana umemwona yule binti wa mzee Marwa akisimama siku hizi, na ukanitania kwamba nimestaafu bila sherehe. Sikukueleza, nikacheka tu. Siku ya kwanza kukaa benchi sikujua mikono niiweke wapi. Mhubiri akasoma habari ya yule kipofu aliyekuwa akipiga kelele kando ya njia, watu wakamkemea anyamaze. Habari ile nimeitafsiri mara nyingi hata sihesabu. Yesu anasimama, anaagiza aletwe, na anamuuliza anataka afanyiwe nini. Kipofu! Kila aliyekuwa pale aliona anachotaka. Miaka yote swali lile nililipita mbio nifike penye macho kufunguka, maana hapo ndipo watu hushangilia. Siku ile nikabaki kwenye swali. Angeweza kumponya tu akaendelea na safari. Alimuuliza, akangoja mtu yule aseme mwenyewe mpaka amalize.

Nikainama nilie, jirani yangu akadhani nimeguswa na mahubiri, akanipigapiga mgongo.

Tangu hapo hata kuomba kumenishinda kwa namna ile ya zamani. Nimegundua hata Mungu nilikuwa namkatiza. Nasema shida yangu, najijibu kwa niaba yake, natia amina, naondoka. Sasa napiga magoti nakaa tu. Mara nyingi sisikii kitu, nasikia kuku na tumbo langu. Siondoki.

Kuhusu wewe, nisiseme uongo tena: nilikuwa nimeamua kukuacha. Nilijiambia neno lile linakupa nguvu, limekuvusha mitihani, limekupeleka mbele za watu bila kulia. Nikuvunjie ya nini, na bibi harudi? Nilijihurumia mimi pia. Kisha wiki iliyopita ulikuwa unapiga pasi hapa sebuleni ukasema, hata hukuinua uso, kwamba ukiwa kazini, ndugu wakikuambia mgonjwa wao hataki mwanawe aitwe, hutawasumbua kwa maswali. Utamkumbuka bibi, utaelewa.

Nilitoka nje nikasimama penye zizi. Kesho unakwenda Rukwa, kwenye zahanati ya kijiji ambako wazee wanasema Kifipa, nawe Kifipa hukijui. Utasogea kitandani kama yule dada wa Kilimanjaro, na utauliza mgonjwa anasema nini, na pembeni atakuwepo mtu kama mimi. Atakuwa mtu mwema, mwenye haraka, mwenye Kiswahili kizuri. Mgonjwa atasema kwa muda mrefu, na mtu yule atakupa maneno matano. Usiandike bado. Muulize, amesema hivyo, au wewe ndiye umeona hivyo? Hata kama atakasirika. Mimi kama yule dada angeniuliza hivyo, ningekasirika, kisha ningeinama tena.

Nesi hana kosa, usimhesabie. Aliniamini.

Na ukiweza, tafuta mtu wa kukufundisha Kifipa kidogo kidogo. Nimesema sitakupa maagizo, hilo limeniponyoka.

Barua hii nilipoianza nilipanga kuiingiza ndani ya begi lako, chini kabisa, chini ya sare, uikute ukishafika. Ungekuwa mbali. Ungelia huko, ungekasirika huko, mimi ningekaa hapa na kujiambia kwamba umenisamehe, ningekutungia jibu lako lote vizuri na kuliamini. Hapo nikaona ni yale yale. Kwa hiyo siiweki kwenye begi. Ukirudi kutoka Natta jioni hii, kabla hujavua viatu, nitakupa mkononi.

Naogopa, Bhoke. Nyumba hii kesho itakuwa na mtu mmoja, na huenda akawa mtu ambaye mwanawe hampigii simu. Huenda ukachukua begi lako usiku uleule ukalale kwa shangazi. Huenda ukasoma ukaniambia "Sawa, baba," kama siku ile nyuma ya nyumba, na hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu siku ile nililipokea nikashukuru kwamba limekwisha. Ilikuwa sentensi ya mtu ambaye hakuwa amemaliza kusema.

Sikuombi unisamehe kabla ya safari. Sikuombi chochote. Nitakuwa nimevuta kile kiti cha plastiki hadi jikoni, na chakula nitakuwa nimekiivisha, kibaya kama ninavyokipika. Soma taratibu. Ukimaliza sitafafanua neno lolote humu, wala sitakuombea, wala sitasema nilikuwa namaanisha nini. Ukinifokea nitakaa. Ukinyamaza mpaka basi lifike, nitanyamaza nawe mpaka basi lifike.

Nimekupa maneno ya bibi yako kama yalivyonifikia. Yako sijawahi kuyasikia mpaka mwisho hata siku moja tangu uzaliwe. Anza popote.

Baba yako,
Mwita